UZI: Kuchunguza muundo wa kikemia wa mata ogania ya udongo, kuanzia sampuli hadi spektra

#1 Tabaka_A

Salaam wakuu. Maswali ya mboji yamekuwa yakija vipandevipande: huyu anauliza NMR (mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu), yule anauliza daikromati (kemikali ya kuoksidishia kaboni ili ipimwe), na majibu yanapotea katikati ya mada nyingine. Tuyakusanye hapa. Mwenye ujuzi zaidi wa kipengele chochote aingie asahihishe.

Naweka msimamo wangu mapema. Hakuna kifaa kinachokuonyesha muundo mzima wa mata ogania. Humo ndani kuna maelfu ya molekuli: selulosi na lignini zilizooza nusu, protini, kuta za seli za bakteria na kuvu, nta za majani, mkaa wa mioto ya zamani, na sehemu kubwa ya vitu hivyo imeshikana na madini. Kila mbinu inaona upande mmoja na kupofuka upande mwingine. Kinachotenganisha kazi nzuri na mbovu ni hesabu ya kaboni: kila hatua unayoipitishia sampuli, pima kaboni iliyoingia na iliyobaki. Usipojua asilimia ngapi imemwagwa na maji ya kusuuzia, hiyo spektra yako (mchoro wa vilele unaotoka kwenye kifaa) huwezi kusema ni ya udongo uliouchimba.

Maandalizi ya sampuli:

Kausha kwa hewa au kwenye oveni isiyozidi nyuzi 40. Usikaushe kwa 105 sampuli itakayokwenda kwenye kemia. Hiyo 105 ni ya kijisampuli cha pembeni cha kupimia unyevu, kisha unasahihisha uzito kwa hesabu. Chekecha kwa milimita 2, toa mizizi kwa kibano. Vizizi vidogo vinavyopita kwenye chekecheo vinyanyue kwa rula ya plastiki iliyosuguliwa kwenye kitambaa, umeme tuli unavivuta. Ila panga muda maalum, mfano dakika 5 kwa kila sampuli, maana ukiendelea tu unaanza kuondoa na mata ogania nyepesi, na sampuli mbili zinakuwa hazilinganishiki tena.

Baada ya hapo saga hadi chini ya milimita 0.1. Mashine ya kuchomea kaboni hutumia miligramu 10 hadi 30 tu, na punje moja ya mchanga au kipande kimoja cha mkaa kinatosha kuharibu wastani. Kama sampuli inakwenda kwenye NMR, sagia kwenye kinu cha akiki, si cha chuma, kwa sababu vumbi la chuma ni adui wa NMR. Kama unalenga lipidi, hifadhi kwenye chupa za kioo, maana mifuko ya plastiki huachia vilainishi vinavyotokea baadaye kwenye kromatogramu kana kwamba vimetoka udongoni.

#2 Kichekecheo

Asante mkuu. Swali: kutenganisha mafungu (chembe huru upande mmoja, iliyoshikwa na madini upande wa pili) kunafanyika kabla ya kemia, au napima udongo mzima kwanza?

#3 BiUdongo

Vyote viwili, ila ukipata nafasi ya spektra chache tu, zipeleke kwenye mafungu. Spektra ya udongo mzima ni wastani wa vitu viwili visivyofanana: mabaki ya mimea ambayo bado yana sura ya mmea, na mabaki ya vijiumbe yaliyogandamana na mfinyanzi. Wastani huo unaweza usibadilike hata kidogo wakati mafungu yote mawili yamebadilika.

Njia ya ukubwa wa chembe ndiyo rahisi. Gramu 10 za udongo uliochekechwa kwa milimita 2 (usisage!), mililita 30 za sodiamu heksametafosfati ya gramu 5 kwa lita, tikisa saa 15 hadi 18, mwaga kwenye chekecheo la mikromita 53 na suuza hadi maji yatoke meupe. Kinachobaki juu ni mchanga pamoja na chembe huru za mata ogania. Kinachopita ni mfinyanzi na chembe laini zenye mata iliyoshikwa na madini. Kausha vyote, pima uzito, pima kaboni. Jumla ya uzito ikiwa chini ya asilimia 95 ya ulioanza nao, au jumla ya kaboni haifikii angalau 90, rudia.

Njia ya uzito mahsusi inakupa usafi zaidi. Unatumia sodiamu politangsteti, kwa kawaida kati ya 1.6 na 1.85 g/cm³. Unaelesha kwanza bila kutikisa kwa nguvu, unapata fungu huru. Kisha unapiga ultrasauti kuvunja mabonge, unaelesha tena, unapata lililofichwa ndani ya mabonge. Hapa watu wanakosea mambo mawili.

La kwanza, nguvu ya ultrasauti. Ile namba kwenye kioo cha mashine si nishati inayoingia kwenye maji. Pima mwenyewe: weka maji ya uzito unaojulikana kwenye chombo kisichopoteza joto, washa, soma nyuzi zinavyopanda, kokotoa jouli kwa sekunde. Kwa kufungua mabonge makubwa watu hutumia takriban 60 J/ml. Ukienda mamia ya jouli toka mwanzo unasagasaga chembe huru zenyewe, vipande vyake vinaingia kwenye fungu la mfinyanzi, halafu unashangaa kwa nini mfinyanzi wako una lignini nyingi. Chombo kikae kwenye barafu muda wote.

La pili, kusuuza. Tumia maji yaliyoondolewa ioni, kwa sababu kalsiamu ya maji ya bomba inaganda na tangsteni. Suuza hadi upitishaji umeme wa maji yanayotoka ushuke chini ya mikrosimensi 50 kwa sentimita. Chumvi ikibaki inaongeza uzito, na asilimia ya kaboni inashuka kwa uongo.

#4 Kemia_MwakaWaTatu

Naomba kuuliza wakubwa. Vitabu vyetu vinaanza na asidi ya humiki, asidi ya fulviki na humini. Mbona uzi unaruka moja kwa moja kwenye mafungu ya kifizikia? Ile njia ya hidroksidi ya sodiamu imeachwa?

#5 Tabaka_A

Haijaachwa, ila maana yake imebadilika sana. Kwanza njia yenyewe, kwa ufupi wa kutosha kuifanya.

Udongo unasafishwa kwa asidi ya hidrokloriki hadi pH 1 au 2, uwiano wa gramu 1 kwa mililita 10, saa 1, kisha sentrifuji. Hii inaondoa kalsiamu inayoshikilia mata ogania. Rudisha pH hadi 7, kisha ongeza hidroksidi ya sodiamu 0.1 M (M ni moli kwa lita) chini ya gesi ya naitrojeni, uwiano uleule wa 1:10, tikisa angalau saa 4. Naitrojeni si pambo: kwenye alkali, oksijeni ya hewa inaungana na fenoli haraka na unatengeneza miundo ambayo haikuwepo. Acha itulie, sentrifuji, chukua majimaji meusi ya juu, yatie asidi ya hidrokloriki 6 M hadi pH 1, subiri saa 12 hadi 16. Mashapo yanayoganda ndiyo humiki, yanayobaki yameyeyuka ni fulviki pamoja na sukari na vitu vingine (ndiyo maana fulviki hupitishwa kwenye resini ya XAD-8 au DAX-8 kabla ya kuitwa fulviki). Kisichotoka na alkali kabisa ni humini. Humiki husafishwa kwa mchanganyiko wa HCl 0.1 M na HF (asidi ya hidrofloriki) 0.3 M kupunguza majivu, hudialaiziwa (huoshwa ndani ya utando unaopitisha chumvi) hadi kipimo cha nitrati ya fedha kisionyeshe kloridi, na hukaushwa kwa kugandishwa.

Sasa tatizo. Njia hii ni ya zamani mno: Franz Karl Achard alitia mboji ya kinamasi kwenye alkali mwaka 1786, yuleyule Mjerumani aliyeanzisha utengenezaji wa sukari ya bitiruti. Kwa muda mrefu watu walidhani kile kinachoganda ni kitu halisi kinachojengwa udongoni, molekuli kubwa nyeusi ngumu kuoza. Mwaka 2015 Johannes Lehmann na Markus Kleber walieleza kwenye jarida la Nature kwamba hoja hiyo haina mguu wa kusimamia: alkali ya pH 13 inaionisha vikundi ambavyo kwenye udongo wa kawaida havingeionika, na ushahidi wa moja kwa moja wa molekuli hizo udongoni haupo. Wao wanaona mfululizo wa vipande vinavyozidi kuvunjwa, vinavyozidi kupata oksijeni, na vinavyolindwa na madini na mabonge. Nakubaliana nao. Humiki ni jina la kile alkali ilichotoa na asidi ikakigandisha. Ukisema hivyo hujakosea. Ukisema "udongo huu una molekuli za humiki asilimia kadhaa", umeruka hatua.

#6 Jivu550

Mkuu Tabaka_A, nakubali nusu. Kwa mboji ya kinamasi na mboji ya kutengeneza, ambako madini ni kidogo, uziduaji wa alkali unatoa sehemu kubwa ya kaboni na unalinganishika vizuri kati ya sampuli. Pia kama unachunguza jinsi metali nzito zinavyonaswa, unahitaji kitu kilichoyeyuka cha kufanyia titresheni ya vikundi vya kaboksili na fenoli. Kosa ni kuuchukulia kama dirisha la udongo wote. Nani anaripoti asilimia ya kaboni iliyobaki kwenye humini? Wachache, na mara nyingi ndiyo iliyo kubwa.

#7 Tabaka_A

Hapo tumekubaliana. Hesabu ya kaboni kwanza, jina baadaye.

#8 MtuWaBureti

Basi niweke kaboni yenyewe, maana kila kitu hapa juu kinaitegemea.

Kiwango bora ni uchomaji mkavu kwenye kichanganuzi cha elementi. Udongo wenye chokaa utakudanganya kwa sababu CO₂ ya kaboneti inahesabiwa pia. Usioshe kwa asidi ya maji. Utamwaga mata ogania inayoyeyuka. Fukiza kwa mvuke: miligramu 30 hadi 50 kwenye vikopo vya fedha, lowesha na mikrolita 50 za maji, weka ndani ya desikata pamoja na bika ya HCl 12 M, saa 6 hadi 8. Maji hayo ni muhimu, udongo mkavu hauli mvuke. Kausha kwa nyuzi 60, kisha funga kopo la fedha ndani ya kopo la bati kwa sababu fedha iliyopigwa na asidi inakuwa mwepesi kuvunjika. Dolomiti inakwenda polepole kuliko kalisiti, iongezee muda na uhakikishe. Naitrojeni ipime kwenye sampuli ambayo haijafukizwa.

Wasio na kichanganuzi wana Walkley-Black, ya mwaka 1934. Gramu 1 ya udongo uliosagwa hadi milimita 0.5 (punguza kama ni mweusi), mililita 10 za potasiamu daikromati 0.167 M, kisha mililita 20 za asidi ya salfuriki kali zikimiminwa kwa haraka. Zungusha, acha dakika 30 juu ya kitu kisichopitisha joto. Ongeza maji mililita 200, asidi ya fosforiki mililita 10, feroini (kionyeshi cha rangi), titrisha kwa salfeti ya chuma(II) 0.5 M hadi rangi igeuke kutoka kijani kwenda nyekundu ya kahawia.

Kaboni % = (tupu − sampuli) × M × 0.003 × 100 × 1.3 ÷ gramu za udongo

Hapo tupu ni mililita za titresheni isiyo na udongo, na M ni ile ya salfeti ya chuma. Mfano: tupu 20.0 ml, sampuli 13.6 ml, gramu 1.00. Inakuja 6.4 × 0.5 × 0.3 = 0.96, mara 1.3 = asilimia 1.25. Ikiwa sampuli imetumia chini ya mililita 4 kwenye titresheni, daikromati imekaribia kuisha: rudia na udongo kidogo zaidi.

Joto linalofanya kazi ni la asidi na maji kukutana tu, kama nyuzi 120, kwa hiyo sehemu ya kaboni haichomeki. Ile 1.3 inadhani umepata asilimia 77. Lakini mkaa unachomeka kidogo sana, mabaki mabichi yanachomeka karibu yote. Maana yake ni kwamba kigezo chenyewe kinategemea muundo wa kikemia unaotaka kuuchunguza! Ndiyo maana haifai kwa hesabu ya kaboni kati ya hatua; mafungu mawili yanahitaji vigezo viwili. Kloridi nayo inahesabiwa kama kaboni: toa asilimia ya kloridi ÷ 12, au tumia asidi yenye salfeti ya fedha gramu 15 kwa lita. Mabaki yana kromiamu. Kusanya kwenye chombo cha taka za metali, usimwage.

#9 Kemia_MwakaWaTatu

Na ile 1.724 ya kugeuza kaboni kuwa mata ogania?

#10 MtuWaBureti

Inadhani kaboni ni asilimia 58 ya mata ogania. Kwa udongo mwingi 2 iko karibu na ukweli zaidi. Ushauri wangu: ripoti kaboni, usiigeuze.

#11 Kaboni13

Niingie kwenye NMR ya yabisi, maana ndiyo mbinu pekee ya kawaida inayoona karibu kaboni yote bila kuizidua.

Kaboni-13 ni asilimia 1.1 tu ya kaboni asilia, na udongo wa juu una kaboni asilimia chache. Juu yake kuna chuma, ambacho ni paramagneti: kinapanua vilele na kufuta mawimbi ya kaboni iliyo karibu nacho. Dawa ni asidi ya hidrofloriki. Gramu 5 za udongo, mililita 50 za HF asilimia 10, tikisa saa 2, sentrifuji, mwaga kwenye chombo cha taka za HF, rudia mara 5, kisha osha kwa maji mara 5 na kausha kwa kugandisha. Silikati zinayeyuka, chuma kinaondoka, kaboni inakolea.

Sasa ile hesabu ya kaboni. Tuseme uliingiza gramu 5 zenye kaboni miligramu 20 kwa gramu: miligramu 100. Ukatoa gramu 0.62 zenye miligramu 128 kwa gramu: miligramu 79. Umebakiwa na asilimia 79. Hiyo 21 ilikuwa nini? Linganisha uwiano wa C/N kabla na baada. Ukibaki uleule, angalau upotevu haukuchagua upande kati ya kaboni na naitrojeni. Ukibadilika, andika wazi kwamba spektra ni ya mabaki ya HF. Udongo ambao mata yake imeshikwa na oksidi za chuma na alumini unapoteza zaidi, kwa sababu kinachoshikilia ndicho kinachoyeyushwa.

Mipangilio ya kuanzia kwa CPMAS (sampuli inazungushwa kwa pembe maalum huku haidrojeni ikiipa kaboni usumaku wake): muda wa mguso milisekunde 1, mapumziko sekunde 0.5 hadi 1 (pima muda wa kutulia wa haidrojeni kwanza, usikisie), mzunguko kilohezi 10 hadi 14, mipigo elfu kadhaa au zaidi kulingana na kaboni. Mipigo 10,000 kwa sekunde 1 ni kama saa 2 na dakika 47. Rekebisha mizani kwa glisini, kaboni ya kaboksili 176 ppm (sehemu kwa milioni, kipimo cha mizani ya spektra).

Maeneo ya kukokotoa:
0–45 alkili (nta, lipidi, minyororo ya protini)
45–60 methoksili ya lignini na kaboni iliyoshika naitrojeni
60–110 O-alkili (sukari, kilele cha 72, na 105 ya kaboni ya anomeri)
110–145 aromati
145–165 fenoli
165–215 kaboksili, amidi, kaboni-oksijeni pacha

Uwiano wa alkili kwa O-alkili hupanda kadiri uozaji unavyoendelea, kwa sababu sukari huliwa kwanza. Utumie kulinganisha mafungu ya udongo uleule au mimea ileile. Kati ya udongo wa msitu wa misonobari na wa nyasi, tofauti inaweza kuwa ya mimea yenyewe.

Upofu wa CP: inategemea haidrojeni kuipa kaboni usumaku. Mkaa una haidrojeni chache, kwa hiyo unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Ukishuku mkaa, fanya upolaraishaji wa moja kwa moja (bila kupitia haidrojeni) wenye mapumziko marefu, hata kama unakula siku nzima ya mashine.

#12 Mfinyanzi_Mweusi

Mtaalamu Kaboni13, spektra ninayoichambua (mashine ya megahezi 400, mzunguko kilohezi 5) ina kilele cha 173, na pembeni kuna uvimbe 223 na mwingine 123. Ule wa 223 hauko kwenye jedwali lolote.

#13 Kaboni13

Hizo ni kanda za pembeni za mzunguko. Kwenye mashine hiyo kaboni-13 inasikika kwa megahezi 100, hivyo kilohezi 5 ni ppm 50. Chukua 173, jumlisha 50 unapata 223, toa 50 unapata 123. Hatari si ile ya 223, hiyo inajitangaza. Hatari ni pacha wake wa 123, amekaa katikati ya aromati na anakuongezea lignini au mkaa usiokuwepo. Vilevile aromati zina kanda zake zinazoanguka kwenye O-alkili na upande wa 180. Zungusha kwa kilohezi 14 kanda zihamie ppm 140 mbali na zipungue. Kama rota haiwezi, kokotoa eneo la 223, litoe kwenye aromati, na liongeze mara mbili kwenye kaboksili, kwa sababu kanda zote mbili ni mali yake.

#14 BiUdongo

Kabla mtu hajakimbilia HF baada ya kusoma #11: asidi hii inapenya ngozi, maumivu huchelewa, na inaondoa kalsiamu mwilini kiasi cha kusimamisha moyo. Kabati la kufyonza mvuke, glovu nene za neoprini juu ya zile nyembamba, kinga ya uso, vyombo vya polipropilini tu (kioo kinayeyuka), na jeli ya kalsiamu glukoneti asilimia 2.5 iwe mezani kabla chupa haijafunguliwa. Usifanye peke yako. Ikikugusa, osha kwa maji mengi, paka jeli, nenda hospitali hata kama huhisi kitu. Maabara isiyo na vitu hivi isiifanye kabisa. Zipo mbinu nyingine.

#15 Jivu550

Mojawapo ni infraredi. Ni ya haraka, sampuli miligramu chache, na haihitaji HF. Kwa pelleti changanya miligramu 1 na miligramu 200 za KBr (potasiamu bromidi) iliyokaushwa. KBr inavuta unyevu, na maji hutokea 3400 na 1630 cm⁻¹ (kipimo cha namba zote za vilele hapa chini), ya pili ikikaa juu ya aromati na amidi. Kausha vyote usiku kucha kwenye desikata.

Soma hivi: 2920 na 2850 ni CH za alkili, safi kabisa. 1720 ni kaboksili yenye haidrojeni. Ukipandisha pH inahamia karibu 1600 na 1400, na ndivyo unavyoithibitisha. 1510 ni lignini. Sukari ziko 1030 hadi 1160, lakini Si–O ya madini nayo iko hapohapo na ina nguvu mara nyingi zaidi. Kwenye udongo wa madini usitoe kauli yoyote kuhusu sukari kutoka mkanda huo. Kwenye chokaa kuna 2515, 1430 na 875. Ile ya 1430 inafunika kaboksileti.

Wengi hujaribu kuchoma udongo kwa nyuzi 550 na kutoa spektra ya majivu kwenye ile ya udongo mzima. Kaolini kwa joto hilo inapoteza hidroksili zake (3695 na 3620 hufutika), kwa hiyo unatoa madini tofauti na yaliyokuwepo na unapata vilele bandia. Kuondoa mata kwa hipokloriti ya sodiamu kwenye pH 8 kunaharibu madini kidogo zaidi, ingawa hakumalizi yote.

#16 Kichekecheo

Na pairolisisi? Nimeona majedwali ya misombo mia moja na kitu.

#17 Kaboni13

Unachoma kwa ghafla, kama nyuzi 600, bila oksijeni, na vipande vinakwenda kwenye kromatografia ya gesi na spektrometa ya masi. Levoglukosani inatoka kwenye selulosi, guayakoli na siringoli kwenye lignini, pirroli na indoli kwenye protini. Vizuri kwa kulinganisha. Lakini tolueni na fenoli zinatoka karibu kila mahali, na joto lenyewe linajenga pete mpya. Mfinyanzi na oksidi hugeuza mavuno, levoglukosani inaweza kugeuka furani. Kwa hiyo jedwali la asilimia za eneo halisemi udongo una asilimia hizo. Ukiongeza TMAH (tetramethiliamonia hidroksidi), asidi zinapata methili na zinapita bila kupoteza kaboksili, ila huwezi tena kujua methoksili ipi ilikuwa ya lignini asilia na ipi umeiweka wewe, labda utumie TMAH yenye kaboni-13.

Kwa lignini peke yake ningechagua oksidi ya shaba: CuO miligramu 250, salfeti ya amonia na chuma(II) miligramu 50, NaOH 2 M mililita 15, nyuzi 170, saa 2, chombo cha tefloni ndani ya chuma, chini ya naitrojeni. Unapata fenoli 8 za vanilili, siringili na sinamili. Uwiano wa asidi kwa aldehidi ya vanilili unapanda lignini inapooksidishwa. Misonobari haitoi siringili kwa kiasi cha maana, na sinamili nyingi huashiria majani na nyasi. Sampuli yenye kaboni kidogo sana inaoksidishwa kupita kiasi na uwiano unapanda kwa uongo. Ongeza glukosi kidogo iile shaba iliyozidi. Na etili vanilini ya kiasi kinachojulikana iwekwe mara baada ya chombo kupoa, kabla ya kuzidua, ili upotevu uonekane.

#18 BiUdongo

Upande wa vijiumbe kuna sukari za amino: HCl 6 M, nyuzi 105, saa 8, kiasi cha udongo chenye naitrojeni kama miligramu 0.3. Asidi ya muramiki ni ya bakteria tu. Glukosamini iko nyingi kwenye kuvu, lakini bakteria nao wanayo, kwa hiyo toa kwanza sehemu yao. Zote zinabaki udongoni baada ya seli kufa, ndiyo sababu zinasimulia mabaki, si walio hai.

#19 Shamba_Maabara

Wakuu, na sisi wenye spektrofotometa, oveni na tanuri tu? Tukae kando?

#20 Tabaka_A

Hapana, kaa hapa. Unaweza kufanya kazi ya maana, mradi maswali yalingane na vifaa.

Anza na mafungu ya mikromita 53 ya BiUdongo. Chekecheo na kitikisio vinatosha. Kaboni pima kwa uchomaji wa tanuri kama huna kingine: kausha kwa 105, pima, choma kwa 550 saa 4, pima. Mfinyanzi unapoteza maji yake ya kimuundo kwenye joto hilo na utaonekana kama mata ogania, kwa hiyo tuma sampuli chache kwenye maabara yenye kichanganuzi, chora mstari wa uhusiano kwa aina yako ya udongo, na usiutumie nje ya aina hiyo.

Kwa kemia, zidua kwa maji: gramu 3 za udongo, mililita 30 za maji kwa nyuzi 20 dakika 30, sentrifuji, mwaga kwenye chupa ya kwanza, kisha mililita 30 nyingine kwa nyuzi 80 saa 16. Chuja kwa mikromita 0.45 (suuza kichujio kwanza, kinaachia kaboni). Pima ufyonzaji kwa nanomita 254. Zidisha ufyonzaji kwa sentimita 1 mara 100, gawa kwa kaboni iliyoyeyuka katika mg/l. Ufyonzaji 0.30 na kaboni 10 mg/l unatoa SUVA (ufyonzaji huo kwa kila mg ya kaboni) 3.0. Kuna mlinganyo wa asilimia ya aromati, 6.52 × SUVA + 3.63, ambao hapa ungetoa 23, lakini ulijengwa kwa mata ya majini. Utumie kupanga sampuli kwa mfuatano, si kutangaza asilimia. Chuma na nitrati vinafyonza palepale 254, na ufyonzaji ukipita 1 zimua.

Kaboni inayooksidishwa na pamanganeti pia unaiweza: gramu 2.5, mililita 20 za KMnO₄ 0.02 M, tikisa dakika 2 kamili, tuliza dakika 10 kamili, mililita 0.5 ndani ya 49.5 za maji, soma ufyonzaji kwa nanomita 550. Muda ndio mbinu yenyewe. Sampuli 20 kwa mkono mmoja, ya mwisho itakuwa imekaa mara mbili ya ya kwanza. Fanya kwa makundi ya 8 au 10, kila kundi na udongo wa rejea. Hii haikuambii muundo. Inakuambia kiasi kinacholiwa na kioksidishaji kimoja kwa muda mmoja.

#21 Shamba_Maabara

Ahsante sana mkuu. Jedwali la matokeo liweje?

#22 Tabaka_A

Kila fungu mstari wake: uzito, kaboni, naitrojeni, C/N, asilimia ya kaboni ya udongo mzima iliyomo, kisha SUVA au chochote ulichopima. Mstari wa mwisho jumla ya mafungu dhidi ya udongo mzima uliopimwa peke yake. Weka pia sampuli tupu na marudio matatu. Ukishakuwa nalo liweke hapa, tulisome pamoja.